Mlinzi wa Mtaa: Kazi ya Kuwahudumia Watoto Wenye Mahitaji Mengi ya Kiafya

Hivi, unamjua kila mtoto wa mtaa wenu? Fikiri kwanza kabla hujajibu. Unawajua wale mnaocheza nao mpira, wale wanaotumwa dukani, wale wanaopiga kelele siku ya chanjo. Lakini huenda yupo mmoja ambaye humjui. Hatoki nje. Hatembei, na pengine hasemi. Majirani wanajua kwamba yupo, ila hawamtaji. Mama yake haonekani msibani wala harusini kwa sababu hana wa kumwachia mtoto.

Somo letu la leo linamhusu mtoto huyo. Linamhusu pia mtu anayebisha hodi nyumbani kwao kila wiki akiwa na daftari mkononi: mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Ukimaliza kusoma, uweze kufanya mambo matatu:

1. Kueleza ni watoto gani wenye mahitaji mengi ya kiafya.
2. Kutaja dalili za hatari ambazo hazisubiri kesho.
3. Kueleza mhudumu anafanya nini, na nini hafanyi.

NI WATOTO GANI HAO?

Mtoto mwenye malaria anaugua, anatibiwa, anapona. Hawa wetu ni tofauti. Hali zao hudumu miaka, mara nyingi maisha yote, na mara nyingi tatizo haliji peke yake. Tuangalie matatu yanayoonekana sana kwetu.

Mtindio wa ubongo. Ubongo wa mtoto uliumia kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au muda mfupi baadaye. Misuli yake hukakamaa au hulegea, na wengine hupata shida kumeza. Hauambukizi. Na usidhani kila mwenye hali hii hana akili! Wapo wanaoelewa kila neno unalosema, ila mdomo hauwatii.

Kifafa. Mtoto huanguka au hushtuka-shtuka kwa sababu umeme wa ubongo umevurugika kwa muda. Watoto wengi wenye mtindio wa ubongo wana kifafa pia.

Mgongo wazi na kichwa kikubwa. Mgongo wazi ni pale mifupa ya uti wa mgongo inaposhindwa kufunga mtoto akiwa tumboni. Kichwa kikubwa hutokana na maji kujaa ndani ya ubongo. Mara nyingi viwili hivi huja pamoja. Lakini kichwa kikubwa kinaweza pia kuja baada ya mtoto kuugua homa ya uti wa mgongo.

Sasa piga hesabu. Mtoto mmoja anaweza kuhitaji daktari wa upasuaji, dawa za kila siku, mazoezi ya viungo, chakula laini, kiti maalumu, na shule itakayompokea. Hospitali anaiona mara chache kwa mwaka. Siku nyingine zote yuko nyumbani. Nani atamsaidia mama siku hizo? Hapo ndipo kazi yetu inapoanzia.

KAZI HII ILITOKA WAPI?

Mwaka 1978 mataifa yalikutana Alma-Ata na kukubaliana kwamba huduma za msingi za afya ziwafuate watu walipo. Kutokana na wazo hilo, Shirika la Afya Duniani likaanza kueneza utengamao katika jamii. Utengamao ni kumsaidia mtu mwenye ulemavu afanye yale anayoweza na aishi na wenzake. Mwaka 1989 shirika hilo lilitoa vitabu vya mafunzo ambavyo hata mtu asiye daktari angeweza kuvitumia nyumbani kwa mgonjwa.

Kwetu Tanzania kuna mfano wa zamani zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa Mahenge, mkoani Morogoro. Alikuta wagonjwa wenye makovu makubwa ya moto. Kwa nini moto? Kwa sababu watu waliamini kwamba mapovu ya mgonjwa yanaambukiza. Mtu akiangukia jikoni, jirani aliogopa kumgusa. Jambo la kuumiza ni hili: kifafa ni umeme wa ubongo kuvurugika, lakini moto ule ulitokana na woga wa majirani. Dawa za kliniki zilisaidia, lakini nani angeondoa woga ule kijijini, nyumba kwa nyumba?

Kwa miaka mingi wahudumu wa jamii wamefanya kazi kwa kujitolea, wengi kwa posho ndogo au bila posho kabisa. Januari 2024 serikali ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii ili wafundishwe kwa mtaala mmoja na watambulike rasmi.

TUINGIE NYUMBANI

Tuchukue mfano wa kubuni. Wewe ndiye mhudumu, una miaka 22. Leo una nyumba mbili.

Nyumba ya kwanza yupo Juma, miaka 6, ana mtindio wa ubongo na kifafa. Analelewa na bibi yake. Unafika wakati wa uji. Juma amelazwa chali mapajani, kichwa kimening'inia nyuma, na bibi anamimina uji mdomoni. Juma anakohoa, macho yanatoka machozi.

Ufanye nini? Usipige kelele! Bibi huyu amemlea kwa miaka 6, na bila yeye Juma asingekuwepo. Salimia, nawa mikono, omba kusaidia. Kisha onyesha kwa vitendo:

- Mkalishe mtoto wima. Kama hawezi kukaa, mkingie mgongo kwa mwili wako au kwa mto.
- Kichwa kiwe katikati, kidevu kimeinama kidogo mbele. Kichwa kikiinama nyuma, uji unaweza kuingia njia ya hewa badala ya tumbo, na mtoto akapata nimonia.
- Uji uwe mzito kiasi. Kwa watoto wengi wenye shida ya kumeza, chepesi sana hukimbia kabla koo halijajiandaa.
- Tumia kijiko kidogo. Subiri ameze ndipo uongeze. Ndiyo, itachukua muda mrefu.
- Akimaliza, abaki wima kama nusu saa.

Baada ya uji mnaanza mazungumzo. Yasikilize vizuri.

Bibi: Mjukuu wangu, nikuulize. Huyu mtoto ana miezi mitatu hajaanguka. Hizi dawa za nini tena? Mimi nimeziacha tangu juzi.

Wewe: Bibi, umefanya vizuri kumhesabia siku. Naomba na mimi nikuulize. Mlinzi wa pale dukani, usiku wa jana mwizi alikuja?

Bibi: Hakuja.

Wewe: Na juzi?

Bibi: Hakuja pia.

Wewe: Basi mwenye duka amfukuze mlinzi?

Bibi (anacheka): Akimfukuza, wataingia kesho yake!

Wewe: Ndiyo dawa hizi, bibi. Juma haanguki kwa sababu mlinzi yupo. Ukimwondoa ghafla, kifafa kinaweza kurudi kwa nguvu kuliko mwanzo.

Bibi (kimya kidogo): Nimekuelewa. Ila dawa zenyewe zimekwisha, mjukuu wangu. Na nauli ya kwenda hospitali sina.

Umeona? Tatizo halikuwa ujinga wa bibi. Tatizo lilikuwa nauli. Angekuwa mhudumu mwenye haraka, angetoa mfano wake wa mlinzi, akafurahi, akaondoka. Juma angebaki bila dawa. Kanuni ya kwanza ya kazi hii basi ni: sikiliza mpaka sentensi ya mwisho. Watu wazima huona aibu kusema hawana hela. Watakwambia kila kitu kwanza, hela mwishoni.

Sasa una kazi ya kufanya leo hiihii. Unapiga simu kituo cha afya kuuliza kama dawa za Juma zipo karibu, ili bibi asisafiri hadi hospitali ya wilaya. Kama hazipo, unamtafuta afisa ustawi wa jamii, ambaye kazi yake ni kusaidia familia zisizo na uwezo, pamoja na suala la msamaha wa gharama. Unamweleza pia mwenyekiti wa mtaa. Na unaandika kwenye daftari: "Juma, dawa zimekatika siku 2. Kufuatilia kesho asubuhi."

AKIANGUKA MBELE YAKO

Siku bila dawa ni siku za hatari, kwa hiyo mkumbushe bibi na watoto wa nyumba nzima la kufanya. Wewe msomaji jifunze pia, maana hili linaweza kutokea darasani.

FANYA: Ondoa moto, maji na vitu vikali karibu yake. Weka kitu laini chini ya kichwa, hata sweta lako la shule. Legeza shingo ya nguo. Mlaze ubavu ili mate yatoke. Tazama saa. Kaa naye mpaka azinduke.

USIFANYE: Usimkamate kwa nguvu. Usimtie kijiko, kijiti wala kidole mdomoni. Usimnyweshe kitu. Usimkimbie! Mapovu ni mate tu, hayaambukizi kifafa.

MPELEKE HOSPITALI MARA MOJA kama mtikisiko unazidi dakika 5, kama anaanguka tena kabla ya kuzinduka, kama ameumia, au kama ni mara yake ya kwanza.

NYUMBA YA PILI

Hapa yupo Neema, miaka 2. Alizaliwa na mgongo wazi, na kichwa chake kilianza kukua haraka. Alifanyiwa upasuaji wa kufunga mgongo, kisha akawekewa shanti. Shanti ni mpira mwembamba unaopita chini ya ngozi, ukitoa maji ya ziada kichwani na kuyapeleka tumboni, ambako mwili huyanyonya. Upasuaji wa namna hii hufanyika, kwa mfano, katika Taasisi ya Mifupa MOI pale Muhimbili, na Bugando, Mwanza.

Una mambo matatu ya kuangalia.

Kwanza, ngozi. Neema hahisi vizuri miguuni. Anaweza kuungua na maji ya moto au kuchubuka sakafuni asilie hata kidogo. Kila siku mama aangalie miguu, makalio na magoti. Alama nyekundu isiyopotea ni mwanzo wa kidonda. Asikae mkao mmoja kwa muda mrefu. Akiwa amelala ageuzwe kila baada ya saa 2 hivi.

Pili, mkojo. Kibofu cha mtoto mwenye mgongo wazi mara nyingi hakijimalizi. Mkojo unaobaki huleta maambukizi na taratibu huharibu figo. Ndiyo maana hospitali huwafundisha wazazi kutoa mkojo kwa mpira mwembamba mara kadhaa kwa siku. Wewe hufanyi hivyo kama hujafundishwa. Kazi yako ni kuuliza kwa upole: mpira upo? Sabuni ipo? Ratiba inafuatwa? Akina mama wengi hawatalisema hili mpaka waulizwe.

Tatu, na ndiyo kubwa kuliko yote: shanti inafanya kazi? Mpira unaweza kuziba au kuingiwa na maambukizi wakati wowote, hata miaka baada ya upasuaji. Dalili ni hizi:

- Kutapika, au kuumwa kichwa
- Kusinzia kuliko kawaida, au kulialia bila sababu
- Macho kuangalia chini kama jua linalozama
- Utosi kuvimba, au kichwa kukua haraka (kwa mtoto mdogo)
- Homa, au wekundu kufuata njia ya mpira
- Degedege

Ziangalie tena dalili hizo. Kutapika, homa, kusinzia, degedege. Zinafanana na nini? Malaria! Hapo ndipo mtego ulipo. Mama anampeleka mtoto zahanati, anapimwa malaria, anapewa dawa, anarudishwa nyumbani. Huku nyuma maji yanaendelea kujaa. Mtoto wa namna hii anaweza kufa ndani ya siku chache, au hata saa chache.

Kwa hiyo mfundishe mama sentensi moja ya kusema mlangoni kabla ya salamu nyingi: "Mtoto huyu ana shanti kichwani." Aiseme hata kama mapokezi wana haraka. Na hata kipimo kikionyesha malaria, aulize, "Na shanti je?" Iandikwe kwa kalamu nyekundu kwenye kadi ya kliniki. Maana anayempokea usiku huenda hajawahi kumwona Neema, na mama akiwa na hofu anaweza kusahau.

Panga pia safari kabla ya dharura. Nani ana bodaboda au gari? Namba yake ya simu ni ipi? Nani atabaki na watoto wengine? Hela ya dharura iko wapi? Familia ikiyajibu maswali haya mchana, usiku wa manane haitatafuta majibu.

JE, WAJUA?

Katika mji wa Mbale, Uganda, daktari Benjamin Warf na wenzake walieneza kuanzia mwaka 2001 njia ya kutibu kichwa kikubwa bila mpira. Daktari hutumia kamera ndogo kufungua njia mpya ya maji ndani ya ubongo. Haimfai kila mtoto, lakini inayemfaa haishi na mpira unaoweza kuziba.

Na hili ni la wasichana hasa: mgongo wa mtoto hufunga ndani ya siku 28 hivi za mwanzo wa ujauzito, wakati wengi hawajajua kama ni wajawazito. Foliki asidi, mikrogramu 400 kwa siku kuanzia kabla ya kupata mimba, hupunguza sana hatari ya mgongo wazi. Ipo katika vidonge, katika unga ulioongezwa virutubishi, na kwa kiasi fulani katika mboga za majani na maharage. Lakini usimlaumu mama wa Neema! Hata aliyekula vizuri anaweza kupata mtoto mwenye mgongo wazi.

MPAKA WA KAZI YAKO

Mhudumu mzuri anajua pia mahali pa kusimama.

- Hubadilishi dawa wala kipimo cha dawa. Hiyo ni kazi ya mtaalamu.
- Huahidi kwamba mtoto atatembea. Unasema, "Tufanye mazoezi, tuone anaweza nini."
- Hutoi siri. Yaliyomo katika daftari si hadithi za kijiweni.
- Husemi ni laana, wala ni kosa la mama. Baba wengi huondoka nyumbani kwa maneno kama hayo.
- Hunyamazi ukiona mtoto amefungwa kamba, ananyimwa chakula au anapigwa. Toa taarifa kwa afisa ustawi wa jamii au polisi. Namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, hupigwa bure nchini Tanzania.

Kumbuka kwamba sheria iko upande wa watoto hawa. Sheria ya Mtoto ni ya mwaka 2009 na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ni ya mwaka 2010. Huduma za afya na shule ni haki yao, hawaombi hisani.

NA MOYO WAKO JE?

Tuseme ukweli, kazi hii si mchezo. Utafundisha mazoezi miezi sita, na badiliko utakaloliona ni mtoto kuinua kichwa sekunde chache. Ukilinganisha na wenzake, utaona si kitu. Ukilinganisha na yeye mwenyewe wa miezi sita iliyopita, ni ushindi. Ndiyo maana tunaandika tarehe kwenye daftari.

Na wengine watafariki, hata mkifanya kila kitu sawasawa. Utalia. Zungumza na msimamizi wako, usijifungie ndani. Kisha urudi kwa mama yule, hata kama hakuna tena mtoto wa kupima. Atakapokuona umekuja bila daftari, atajua ulikuwa mtu wake.

UNAANZIAJE UKIWA MWANAFUNZI?

Soma baiolojia kwa bidii, lakini pia Kiswahili, maana kazi hii ni maneno. Baadaye milango ni mingi: uuguzi, utabibu, fiziotherapia, ustawi wa jamii katika Chuo cha Ustawi wa Jamii, Dar es Salaam, ualimu wa elimu maalumu katika Chuo cha Patandi, Arusha, au ufundi wa viungo bandia katika chuo cha TATCOT kilichopo KCMC, Moshi.

Ila usisubiri cheti kumsaidia jirani. Jumamosi hii unaweza kukaa na mtoto saa mbili, mama akaenda sokoni, saluni, au akalala tu. Uliza kwanza anakula vipi, anatumia dawa gani, na dalili zake za hatari ni zipi. Kwa mama ambaye hajalala usingizi mzima tangu ajifungue, saa hizo mbili ni dawa.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini bibi hakutaja nauli mwanzoni? Ungemuuliza nini ili aseme mapema bila aibu?
2. Neema anatapika na ana homa. Kipimo kimeonyesha malaria. Je, mama arudi nyumbani? Toa sababu.
3. Igizeni: mwanafunzi mmoja ameanguka kifafa darasani. Wengine wote wana kazi gani? Nani anatazama saa?
4. Shuleni kwenu, mtoto mwenye kiti cha magurudumu anaweza kuingia darasani? Na chooni je? Nendeni mkapime upana wa milango kwa futi, muandike mlichokuta, kisha mmpelekee mwalimu mkuu.

Swali la nne msiliache kwa kuwa ni refu. Jengo linaweza kuwa ndilo linalomzuia mtoto yule wa mtaani kwenu kuja shule.